Mashimo Sita ya Namba Tano

Jumapili, 6 Juni. Mvua. Unyevu 78.

Mwalimu Murofushi anasema kila mtu wa chama chetu lazima awe na daftari la kazi: tarehe, hali ya hewa, unyevu wa chumba, kazi iliyofanyika. Nimenunua hili leo asubuhi. Nitajitahidi nisiandike yasiyo ya kazi.

Tuko wanne. Mwalimu Murofushi si mwalimu wa shule. Ni fundi wa kuchonga kalibu za plastiki kiwandani, lakini sote tunamwita Mwalimu, hata Daktari Hibino aliye rika lake. Daktari ni wa meno, na chumba tunachokutania Jumapili kiko juu ya kliniki yake, kwa hiyo boti zetu zote zinanuka karafuu ya dawa zake. Kaka Tsuge anafanya kazi kwenye kiwanda cha majani ya chai na hujiona mcheshi. Wa nne ni mimi, Chigusa Kuwabara, miaka kumi na minne.

Maonyesho ni tarehe 24 Julai, katika ukumbi wa bandari. Mwaka huu tunatengeneza kwa pamoja boti tano za torpido, zile za kurusha makombora ya majini, zilizoundwa wakati wa vita katika karakana ya Mazaki, hapa hapa mjini kwetu, kila moja ikiwa imepunguzwa mara sabini na mbili. Zote zitawekwa juu ya ubao mmoja wa bahari. Mwalimu atatengeneza mbili za kwanza, Kaka Tsuge ya tatu, Daktari ya nne.

"Namba tano ni ya Chigusa," alisema Mwalimu.

Kaka Tsuge aliacha kunywa chai. "Namba tano yenyewe? Ya baba yako, Mwalimu?"

"Umesikia."

Kila mwaka Mwalimu huwasimulia watoto wa shule habari za namba tano: ilivyotoka usiku mmoja wa Julai na haikurudi, na baba yake, fundi wa injini, alikuwa ndani. Sasa amenipa mimi. Amenipa na bodi ya boti aliyoianza zamani, imepakwa rangi ya kijivu tu. "Niliichoka," alisema. Kaka Tsuge akaninong'oneza, "Mwenyewe kashindwa mara tatu."

Kila boti itakuwa na kadi yenye jina la aliyeitengeneza. Miaka miwili nimetengeneza reli za sitaha kwa boti za wengine, kwa sababu vidole vyangu ni vyembamba. Jina langu halijawahi kuandikwa kwenye kadi.

Jumatano, 9 Juni. Mvua. Mtihani wa hesabu.

Jumapili, 13 Juni. Mvua. Unyevu 83.

Unyevu ukizidi sabini hatupulizi rangi. Rangi inayopulizwa kwenye hewa ya maji hukauka na ukungu mweupe juu yake, kama uso wa mtu anayetaka kutapika. Kaka Tsuge alisema kipimo cha ukutani ni cha kizee, akapuliza. Namba tatu sasa ni nyeupe nusu.

"Hii ni boti ya harusi," alisema Daktari Hibino.

"Cheka tu, Daktari. Ukiumwa na tumbo sikuletei majani ya chai."

"Na wewe ukiumwa na jino nitakung'oa lililo zima."

Mimi nilipiga msasa bodi ya zamani. Kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, mahali ambapo mabomba ya moshi wa injini hutokea, niliona miduara sita ya puti, mitatu kila upande. Puti ilikuwa imesinyaa kwa umri. Niliuchokonoa mmoja kwa ncha ya sindano ili nizibe upya vizuri. Ndani hamkuwa na shimo. Kulikuwa na kizibo kidogo cha duara, chembamba kama ukucha, kimechorwa nyuzi za mbao moja moja. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile.

"Mwalimu, hivi ni nini?"

Alitazama mara moja. "Makosa ya ujana. Ziba."

Halafu akarudia kanuni yake, ile aliyonifundisha siku ya kwanza: usigundishe usichokiona. Ukitaka kuweka bomba la moshi, kwanza uione picha ya bomba la moshi. Boti si mawazo yako. Kuna watu walipanda humo.

Sikuziba. Nilitaka kwanza nione picha.

Alhamisi, 17 Juni. Mvua. Mlima Fuji hauonekani siku ya tisa.

Jumapili, 20 Juni. Mawingu, halafu mvua. Unyevu 80.

Nimetafuta maktaba ya shule na ya mji. Picha za namba moja zipo, za namba mbili zipo. Ya tezi ya namba tano haipo. Nilimwambia Mama wakati wa kula. Mama akasema nimuulize Bibi Oikawa anayetuuzia tofu ya soya, kwani alipokuwa msichana kwao kulikuwa nyuma ya karakana ya Mazaki.

Alhamisi, 24 Juni. Mvua kubwa.

Nilikwenda kwa Bibi Oikawa baada ya shule, nikiwa na sahani kana kwamba nimetumwa tofu. Nilipomwambia ninachotafuta, alifuta mikono kwenye aproni, akaniambia nivue viatu nipande.

"Boti? Nilikaa juu ya boti hiyo vuli nzima, mjukuu wangu. Makalio yalikufa ganzi."

Alitoa albamu. Picha ni ndogo kama kadi ya maktaba. Boti imevutwa nchi kavu, imeegemezwa kwa magogo, tezi inatutazama. Juu ya sitaha wamekaa wanawake watatu na visu, na mahali pote palipobaki pametandikwa mikeka, na juu ya mikeka kuna vipande vya viazi vitamu vinakaushwa juani. Hakuna torpido. Kwenye tezi kuna mashimo sita, na yote yamezibwa kwa mbao. Kizibo cha pili kutoka kushoto kimekaa upande.

"Namba tano hiyo," alisema Bibi. "Injini zake hazikuja. Kila wiki wanasema zitakuja na treni, vita vikaisha hazijaja. Wakaziba mashimo panya wasiingie. Sisi tukaona, sitaha pana, inapata jua, basi. Huyu ni mimi. Mwembamba, ee? Usishangae hivyo."

Pembeni ya wanawake amesimama mwanamume mwenye fulana, anacheka, shavu moja limejaa kiazi.

"Na huyu?"

"Huyo ni Murofushi. Fundi wa injini wa boti isiyo na injini. Tulimtania mpaka akawa anakimbia. Mtoto wake si ndiye anayewafundisha?"

Nilisema Mwalimu husimulia kwamba baba yake alikufa baharini mwezi wa saba, kabla vita havijaisha. Chini, mashine ya kusagia soya ilikuwa ikinguruma, na mwanawe akamwita mara mbili.

"Viazi huvunwa mwezi wa kumi, na vita viliisha wa nane," alisema Bibi. "Huyo alipanda treni wakati wa baridi. Alikwenda Hamamatsu, akafungua duka la baiskeli, akaoa huko. Mkewe wa hapa aliwaambia watu amekufa na boti. Nani angemkatalia mama mwenye mtoto wa miaka minane? Chukua picha, utanirudishia. Na tofu chukua, usilipe."

Nilitembea kurudi nyumbani na mwavuli umeinamia picha, mgongo wangu ukalowa wote.

Jumapili, 27 Juni. Mvua. Unyevu 85.

Leo sikusema kitu. Nilipofika nyumbani niliondoa puti yote kwenye bodi, nikaviweka vizibo sita chini ya kioo cha kukuzia, kando ya picha. Vinafanana. Cha pili kutoka kushoto kimekaa upande, hata kwenye bodi.

Kwa hiyo Mwalimu aliiona boti ile, au aliiona picha hii. Zamani alianza kuitengeneza kama ilivyokuwa, halafu akafunika. Nimefikiri sana kwa nini amenipa mimi bodi hii na si nyingine. Labda alitaka mtu mwingine aimalize kwa sababu yeye akifika hapo hushindwa. Nafikiri ndivyo. Mtu hatupi kazi nzuri kama ile.

Alhamisi, 1 Julai. Mvua. Vipande vya viazi 26.

Navikata kutoka kwenye plastiki nyembamba, navipinda kidogo ukingoni kwa moto wa mshumaa, kwa sababu kiazi kikikauka hujikunja. Mikeka ni karatasi laini iliyochorwa mistari kwa kalamu ngumu.

Ijumaa, 2 Julai. Mvua. Vipande 61. Mama amesema nitaharibu macho.

Jumapili, 4 Julai. Mvua. Sikusoma kipimo.

Nilikosea. Nilipaswa kumwonyesha akiwa peke yake. Sikufikiri hivyo. Nilifikiri atafurahi, na nilitaka wote waone anafurahi.

Niliweka namba tano katikati ya meza, juu ya magogo yake ya kuegemea, na mikeka yake, na viazi vyake sitini na kimoja. Kando yake nikaweka picha.

Kaka Tsuge aliinama. "Nini hivi? Chipsi?"

"Viazi vitamu," nilisema.

"Boti ya torpido inauza viazi. Adui akifika anapewa na chai." Alicheka mpaka akaona anacheka peke yake.

Mwalimu hakuigusa boti. Aliichukua picha, akaitazama, akairudisha mezani ikiwa imelala kifudifudi.

"Hii si namba tano."

"Bibi Oikawa amesema ndiyo, Mwalimu. Alikuwa anakaa juu yake."

"Bibi ana zaidi ya miaka sitini. Karakana ilikuwa na mabodi mengi. Namba imeandikwa wapi? Nionyeshe."

Namba haikuonekana. Omo, mbele ya boti, iko upande wa pili.

"Umegundisha usichokiona," alisema. Sauti yake haikupanda. "Miaka miwili nimekufundisha jambo moja tu."

Masikio yangu yalikuwa moto. Nilisema, na wakati ninasema nilikuwa bado nafikiri ni maneno ya kumsifu: "Vizibo si vyangu, Mwalimu. Ni vya kwako. Mimi nimeondoa puti tu."

Daktari Hibino alikuwa ameichukua picha na kuvaa ile miwani yake ya kutazamia meno. Alimtazama yule mwanamume mwenye fulana kwa muda mrefu. Halafu akavua miwani, akasema, "Mvua inaingia. Tsuge, funga dirisha." Dirisha lilikuwa limefungwa.

Mwalimu aliosha brashi yake, ambayo haikuwa na rangi. Kisha akasema ubao wa bahari umechongwa nafasi tano za boti zilizo majini, si za boti zilizo nchi kavu. Namba tano itakuwa na mabomba sita ya moshi na torpido mbili, au nafasi ya tano itabaki wazi na kadi yake haitaandikwa.

"Uamue wewe. Si mtoto tena."

Kabla ya leo sikuwahi kumsikia akisema jambo asiloliona. Sasa najua amekuwa akilisema kila mwaka, mbele ya watoto, na mimi nikiwa mmoja wao.

Jumatano, 7 Julai. Mvua.

Sikukuu ya nyota. Shuleni kila mtu alifunga karatasi ya ombi kwenye mwanzi. Hakuna nyota. Niliandika: jina langu liwe kwenye kadi. Niliona aibu, lakini sikulifuta ombi.

Ijumaa, 9 Julai. Mvua.

Ukaguzi wa meno kwa Daktari Hibino. Alinikagua, akaniambia nisukutue.

"Daktari ulijua," nilisema.

"Taya la chini kulia, usafishe zaidi." Aliondoa glavu. "Nilisoma naye, Chigusa. Darasa zima lilijua. Mama yake alikuwa akiweka chakula mbele ya picha ya yule bwana kila asubuhi, kama anavyofanyiwa marehemu, na kadi ya mwaka mpya ilikuwa inafika kutoka Hamamatsu. Tulimwambia pole kwa msiba. Ndivyo alivyotaka kuambiwa."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Sisi watu wazima tunaita adabu."

"Lakini ameniambia nimetunga."

"Ndiyo," alisema Daktari. "Hapo alikosea." Kisha akafungua mlango akaita mgonjwa mwingine.

Nilingoja labda ataniambia atasema neno Jumapili. Hakuniambia.

Jumapili, 11 Julai. Mvua. Unyevu 79.

Daktari hakusema neno.

Nimeondoa viazi kwa kibanio, kimoja kimoja, nikavitia kwenye kikopo cha filamu pamoja na mikeka. Nimetoboa vizibo sita kwa keekee ya mkono. Kila kimoja kilitoa vumbi jeupe kidogo. Cha pili kutoka kushoto nilikiacha cha mwisho.

Alhamisi, 15 Julai. Mvua. Mabomba sita. Torpido mbili, kila moja na mapangaboi mawili.

Jumapili, 18 Julai. Jua. Unyevu 62.

Walitangaza mvua zimekwisha. Tulifungua madirisha tukapuliza rangi mchana kutwa. Rangi ilikauka safi kabisa, hata ya Kaka Tsuge.

Mwalimu aliinua namba tano, akaizungusha karibu na dirisha, akatazama mabomba kwa ndani nilikoyapaka masizi. Alitazama reli, kamba, kamba ya nanga.

"Safi," alisema.

Miaka miwili nimelingojea neno hilo. Nilikuwa nimeshapanga nitasema nini likija. Nilisema, "Asante, Mwalimu."

Jumanne, 20 Julai. Mvua tena. Waliotangaza zimekwisha wamesema walikosea, na wamesema hivyo kwenye luninga, mbele ya watu wote.

Jumamosi, 24 Julai. Mvua. Maonyesho.

Kadi ni nyeupe, imeandikwa kwa brashi: Namba Tano, Chigusa Kuwabara. Mama aliipiga picha mara tatu na mimi nikiwa kando. Picha mbili za mwanzo alisema nitabasamu.

Saa nne walikuja watoto wa darasa la tano, makoti ya mvua yakichuruzika. Mwalimu aliwasimulia. Anasimulia vizuri. Anaiga sauti ya injini kwa kifua, mpaka watoto wa mbele wanarudi nyuma. Mvulana mmoja aliuliza kama baba yake aliogopa. Mwalimu alisema, "Fundi wa injini hana nafasi ya kuogopa. Anasikiliza injini." Niliyatazama mabomba yangu. Yalionekana kama kweli yanatoa moshi.

Mchana Bibi Oikawa alikuja, viatu vya mvua na aproni chini ya koti. Mwalimu alimwona tangu mlangoni, akasimama wima. Bibi alimwinamia, naye akainama zaidi. Bibi alikuja ubaoni, akavaa miwani, akasoma kadi kwa sauti ndogo, jina langu lote. Akainama juu ya namba tano kwa muda.

"Viazi mmeshaanua?"

Mwalimu alikuwa hatua mbili nyuma yake.

"Mvua ilikuwa inakuja, Bibi," nilisema. Sikujua nitasema hivyo.

"Mlifanya vizuri. Vikilowa vinaota ukungu." Alininyooshea kidole cha shahada na gumba, akiacha nafasi ndogo kabisa katikati. "Tulikuwa tunakata vyembamba, unaona jua upande wa pili. Ukikata vinene havikauki kamwe."

Nilimrudishia picha yake. Aliitia kifuani akaenda zake.

Tulipokuwa tunafunga, Mwalimu alinijia akiwa na ufagio.

"Vile vitu bado unavyo?"

Nilikuwa nacho kikopo mfukoni. Nilikuwa nacho kila siku. Nilimpa kwa mikono miwili. Alikitikisa karibu na sikio, kidogo, kama mtu anayesikiliza, akakitia mfuko wa shati.

Alikuwa anajua hasa alichokuwa anaomba. Nafikiri atavitazama akiwa peke yake nyumbani. Labda anayo bodi nyingine. Alishindwa mara tatu, lakini alianza mara tatu.

Alhamisi, 29 Julai. Mvua. Likizo. Namngojea Mwalimu Jumapili.

Jumapili, 1 Agosti. Mvua. Unyevu 81.

Nilifika kwanza. Kwenye rafu ya Mwalimu, vikopo vyake vya filamu vimepangwa kama siku zote, kila kimoja na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wake mzuri: nanga, skrubu, kamba nyeusi. Mwishoni kulikuwa na kipya. Kimeandikwa: ncha za keekee, nusu milimita.

Nilikifungua. Zilikuwa ndani zile ncha kuukuu anazotupa Daktari Hibino na sisi tunazitumia. Kikopo kilikuwa kile changu cha viazi, kimeoshwa. Kilinuka sabuni.

Mwalimu aliingia akikung'uta mwavuli. "Umekiona? Nimekuoshea. Kilikuwa na vumbi."

"Asante, Mwalimu."

"Mwakani tunafanya meli za doria. Utapata ya kwanza kabisa, na kadi."

Kaka Tsuge alisema, "Sasa umekuwa mkubwa, Chigusa, tutakuwa tunakuamkia." Daktari Hibino alimimina chai ya shayiri, akanipa mimi kwanza, kabla ya Mwalimu, na hakunitazama.

Nilifanya kazi mpaka saa kumi na moja. Wakati wa kuondoka nilichukua namba tano, kwa sababu ni yangu, jina limeandikwa.

Jumanne, 3 Agosti. Mvua. Unyevu wa chumba changu siujui, sina kipimo.

Nimeng'oa mabomba sita. Vizibo vya Mwalimu havitarudi, nilivisaga mwenyewe. Itabidi nitengeneze vyangu, na nyuzi za mbao sitaziweza kama yeye.

Nimepiga hesabu ya nafasi ile kati ya vidole vya Bibi Oikawa. Ukigawa kwa sabini na mbili, vipande vyangu vya kwanza vilikuwa vinene mara tatu. Leo nimekata vinne. Nikiviinua mbele ya taa, mwanga unapita.